Trauti Wamejaa, Je, Ziwa ni Zima?

Oktoba 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alimposa Kate Middleton kando ya Rutundu, ziwa dogo lililojificha kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Habari ilipotangazwa mwezi uliofuata, magazeti ya dunia yalishughulika na pete, nyumba za magogo na moto wa kuni. Waliopekua kitabu cha wageni wakakuta pia neno ambalo halikumsumbua mtu: mchumba alikuwa ameandika kwamba, pamoja na raha zote, samaki hawakupatikana.

Kwa wapenzi wa Rutundu, hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Anayepanda huko akiwa na mshipi begani huuliza jambo moja tu: samaki wapo? Akivua watatu wanono kabla ya jua kutua, hushuka akisema ziwa ni zima. Akirudi mikono mitupu, husema ziwa limekufa, na dawa inayotajwa ni ile ile miaka yote: vifaranga viletwe. Zaidi ya karne moja imepita tangu trauti waingie Kenya, na muda wote huo ndoano ndiyo iliyotuambia kama maji ya juu ya milima yetu yana afya au hayana. Ni kipimo kibovu, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Rutundu iko upande wa kaskazini mashariki wa mlima, katika kaunti ya Meru, mita zaidi ya 3,000 juu ya usawa wa bahari. Pale msitu umeshakwisha. Kinachobaki ni majani magumu ya mashungi, vichaka vifupi, lobelia warefu kuliko mtu, na ukungu unaokuja bila kubisha hodi. Juu zaidi kuna ziwa Alice, na upande wa Chogoria kuna ziwa Ellis, nalo mashuhuri kwa wavuvi wa burudani. Mashimo haya ya maji ni ya zamani sana. Trauti waliomo ni wageni wa jana.

Asili yao si Afrika. Trauti wa kahawia ni samaki wa Ulaya, na trauti wa upinde wa mvua anatoka mito inayomiminikia bahari ya Pasifiki, Marekani Kaskazini na mashariki ya mbali ya Urusi. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejipatia jina kwa safari ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskoti, na samaki wakatiwa katika mto Gura kwenye safu ya Aberdare. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Hawa wa pili ndio waliotawala maziwa ya Mlima Kenya. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kutotolesha vifaranga Kiganjo, karibu na Nyeri, na tangu hapo kupandikiza samaki mitoni na ziwani kukawa kazi ya kawaida ya serikali. Tanzania nayo ilipata sehemu yake, Kilimanjaro na kwenye mito ya nyanda za juu za Mbeya.

Sababu haikuwa njaa. Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki, na walowezi waliokuwa na nyama tele hawakuhitaji trauti wa kujaza tumbo. Walitaka mchezo wa kwao. Walitazama mito ya baridi na maziwa ya juu, ambako maporomoko na ubaridi wa maji vilikuwa vimewazuia samaki wa asili wasipande, wakaona maji yamekaa bure. Hapo ndipo kosa lilipoanza, kwa sababu maji yasiyo na samaki hayakuwa maji matupu.

Ziwa la mlimani lisilo na samaki lina wenyeji wake. Majini huelea viduduchembe vinavyochuja mwani usiku na mchana. Chini ya mawe hukaa watoto wa kereng'ende, mende wa maji, na wale wadudu wenye mabawa laini ambao hulelewa majini kwa muda mrefu, kisha hutoka wote kwa pamoja, huruka siku moja au mbili, hutaga na kufa. Kuna viluwiluwi. Kwenye vijito kuna kaa wa maji baridi, chakula kikubwa cha fisi maji. V. D. van Someren, aliyeandika kitabu kizima kuhusu maisha ya trauti wa Kenya mwaka 1952, aliwakuta kaa na wadudu hao hao matumboni mwa samaki. Kwa mvuvi ilikuwa habari njema kwamba chakula kipo. Sijui ni wangapi waliosoma upande wa pili wa ukurasa, kwamba kila kilichokutwa tumboni kilikuwa kimetolewa mahali fulani, na mahali hapo hapakuwa pamewahi kumjua mlaji wa namna hiyo.

Trauti huwinda kwa macho. Kwa hiyo wanaokwenda kwanza ni wakubwa, wanaoogelea wazi na wenye rangi ya kuonekana. Hubaki wadogo, wanaojificha kwenye tope au kutoka usiku tu. Anayetazama kutoka ufukweni hataona tofauti. Lakini wale viduduchembe wakubwa ndio waliokuwa wachujaji hodari wa mwani, na wakipungua, mwani hupata nafasi. Juu ya hilo, samaki hula wadudu wa tope la chini na wadudu walioanguka juu ya maji kutoka nchi kavu, halafu mbolea yake huachwa katikati ya maji ambako mwani unaweza kuifikia. Fosforasi iliyokuwa imelala huamka. Maji yaliyokuwa ya kioo huanza kuwa na kivuli cha kijani, taratibu, kwa miaka, kiasi kwamba anayekuja kila likizo haoni kitu.

Wamarekani walipohesabu

Haya hayakugunduliwa Meru. Yaligunduliwa California, kwenye safu ya milima ya Sierra Nevada, na inafaa tukae huko kidogo kwa sababu hakuna mahali duniani pengine ambapo swali hili limechunguzwa kwa subira kubwa hivyo.

Kule nako maziwa ya juu, maelfu kwa maelfu, karibu yote hayakuwa na samaki. Kuanzia karne ya 19 wachunga kondoo, wachimba dhahabu na wavuvi walianza kubeba trauti kwa ndoo na kwa nyumbu. Baadaye serikali ya jimbo ikaishika kazi hiyo, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikatumia ndege: rubani hupita chini juu ya ziwa, mlango hufunguliwa, na vifaranga humwagika kama mvua. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyeona ubaya. Samaki walikuwa wengi, watalii walifurahi, na leseni ziliuzwa.

Mwenyeji mkuu wa maziwa hayo alikuwa chura mwenye miguu ya manjano. Joseph Grinnell na Tracy Storer, wataalamu wa wanyama waliochunguza eneo la Yosemite na kuchapisha kitabu chao mwaka 1924, walimtaja kuwa chura aliyeenea kuliko wengine wote katika nchi ya juu. Wakaongeza jambo lililopaswa kusimamisha ndoo zote: samaki wakiingia ziwani, chura hutoweka, leo au kesho. Maneno hayo yalikaa kwenye maktaba miaka zaidi ya sitini kabla ya watu kuyachukulia hatua.

Sababu ya chura huyo kuumia vile ni maisha yake. Kiluwiluwi wake huchukua mwaka mmoja hadi minne kukomaa, kwa kuwa majira ya joto huko ni mafupi na majira ya baridi hufunika ziwa kwa barafu. Anahitaji ziwa lenye kina lisilogandishwa mpaka chini, na ziwa hilo hilo ndilo trauti analolihitaji. Hakuwa na pa kukimbilia. Vidimbwi vya kando, ambako samaki hawafiki, huganda au hukauka.

Kisha wakaja watafiti waliofanya jambo ambalo wavuvi waliliona la kichaa: waliwatoa samaki. Walitega nyavu za makila, nyingine zikiachwa chini ya barafu majira yote ya baridi, wakarudi tena na tena mpaka trauti wa mwisho alipokwisha. Vance Vredenburg alichapisha matokeo ya kazi kama hiyo mwaka 2004. Maziwa yaliyoondolewa samaki yalijaa vyura ndani ya miaka michache. Roland Knapp na wenzake, ambao wameyafuatilia maziwa ya Sierra kwa miongo, walionyesha kuwa hata wadudu na viduduchembe vikubwa hurudi, ingawa vingine huchelewa. Upo pia uchunguzi wa mwaka 2010 ambao mimi hupenda kuwasimulia wanaodhani habari ya ziwa huishia ukingoni mwa maji. Kandokando ya maziwa yasiyo na trauti walihesabiwa ndege wadogo wa milimani karibu mara sita zaidi ya kwenye maziwa yenye trauti. Samaki walikuwa wamekula watoto wa wadudu majini, na ndege wakakosa wale wakubwa waliopaswa kuruka nje.

Katika hifadhi ya Yosemite, upandikizaji ulikomeshwa mwaka 1991. Mwaka 2016 Knapp na wenzake walitoa hesabu ya miaka 20, iliyotokana na ukaguzi zaidi ya 7,000: chura wa miguu ya manjano walikuwa wameongezeka mara saba. Hesabu hiyo ina uzito kwa kuwa chura huyo alikuwa anapigwa pia na ugonjwa wa kuvu ya kitridi, ulioua vyura wengi ulimwenguni, kiasi kwamba mwaka 2014 serikali ya Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Alipoondolewa adui mmoja, akapata nguvu ya kupambana na wa pili.

Wamarekani hawakuwaondoa trauti katika maziwa yote, wala hawakukusudia. Walichagua. Mengi yameachiwa wavuvi, na sehemu ndogo imerudishiwa vyura. Tutairudia hoja hiyo, maana ndiyo ninayoitaka.

Lakini hapa si California

Msomaji makini atapinga, na atakuwa na haki. Mlima Kenya uko kwenye ikweta. Hakuna majira ya baridi ya miezi. Joto na baridi hubadilishana kila mchana na usiku. Ziwa la Rutundu haligandi kwa nusu mwaka, kwa hiyo viluwiluwi wetu hawalazimiki kukaa ziwani miaka minne wakisubiri kuliwa. Vinamasi na vijito vya nyanda za juu huwapa vyura mahali pengi pa kutagia. Kuchukua hesabu ya Sierra na kuibandika Meru kungekuwa uvivu.

Hata hivyo Afrika ina ushahidi wake. Katika milima ya uKhahlamba Drakensberg, Afrika Kusini, watafiti waliwahesabu viluwiluwi wa chura wa maporomoko, Hadromophryne natalensis, juu na chini ya maporomoko ya maji katika vijito viwili. Juu, ambako trauti hawawezi kupanda, viluwiluwi walikuwa wengi. Chini, waliko trauti, walikuwa wachache. Hakuna barafu ya miezi huko ya kulaumiwa. Mlima wetu nao una vyura wa miinuko, miongoni mwao Amietia wittei, anayepatikana kwenye maji ya baridi ya milima ya Kenya na Mlima Elgon. Na kuvu ya kitridi imeshafika: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliikuta kwa karibu theluthi moja ya vyura waliopimwa nchini Kenya, ingawa haukukuta vifo vya halaiki. Chura mwenye kuvu mwilini na trauti majini ni chura aliyebanwa pande mbili, hata kama bado hajafa.

Tofauti ya ikweta ina upande mwingine unaowahusu trauti wenyewe, na hapa nawaomba wavuvi wanisikilize kwa makini kuliko popote. Samaki huyu hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi. Zikipita 20 huanza kukosa raha na kuacha kula, na zikikaribia 25 hufa. Maji ya Mlima Kenya ni baridi, kwa hiyo wengi hudhani hapana tatizo. Lakini trauti anahitaji pia oksijeni nyingi, miligramu 6 au zaidi kwa lita, na mwinuko huinyima. Kwenye mita 3,100 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya Mombasa. Maji ya nyuzi 10 ambayo pwani yangebeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita, kule juu hubeba chini ya 8 yakiwa yameshiba kabisa. Toa kinachovutwa na tope lenye majani yanayooza, toa kinachovutwa na mwani usiku, na utaona jinsi akiba ilivyo nyembamba. Ongeza samaki mara mbili ya kiasi ziwa linachoweza, halafu upite usiku mtulivu usio na upepo wa kuyachanganya maji. Wale samaki wanaokutwa wameelea asubuhi, watu husema wametiliwa sumu.

Mfugaji wa Laikipia haelezwi jambo hili. Anajua malisho ya ng'ombe hamsini hayawi malisho ya mia kwa sababu mwenye nayo ameongeza ng'ombe. Atapata mia waliokonda na nyasi zilizong'olewa. Ziwa nalo lina kiwango chake cha malisho. Trauti mwenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba, mgongo mkali kama kisu, anasema kwa umbo lake kwamba walaji wamezidi chakula. Kinachotendwa mara nyingi ni kinyume: wavuvi wanalalamika samaki ni wadogo, na lawama hiyo inageuka kuwa ombi la vifaranga zaidi.

Yapo pia mambo ya nje ya ziwa. Nyanda za juu za mlima huungua. Mwaka 2012 na tena 2019 moto mkubwa ulipita kwenye vichaka vya juu, na kila baada ya moto, mvua ya kwanza hushusha majivu na udongo usioshikwa na mizizi. Majivu yana fosforasi. Ziwa dogo halina pa kuupeleka mzigo huo. Mwani uliokuwa umeshapata nafasi kwa sababu wachujaji wake wameliwa sasa unapata na mbolea. Mambo haya mawili yakikutana, ziwa huenda mrama haraka kuliko ambavyo lingekwenda kwa moja pekee, na mlaumiwa huwa moto peke yake.

Tope lenyewe lina kumbukumbu

Wapo watakaosema: hata kama ni hivyo, nani atajua Rutundu ilikuwaje kabla ya trauti? Waliotia samaki wa kwanza hawakuanza kwa kuhesabu wadudu.

Jibu liko chini ya ziwa. Wanasayansi wameshachimba tope la Rutundu kwa mirija mirefu na kusoma humo historia ya makumi ya maelfu ya miaka. Walitambua hata vipande vya majani yaliyoungua, wakajua aina gani za nyasi zilimea mlimani zama za baridi kali na lini moto ulipita. Tope la namna hiyo huhifadhi pia magamba ya viduduchembe na vichwa vigumu vya watoto wa wadudu, tabaka juu ya tabaka. Katika milima ya Marekani Kaskazini mbinu hii imetumika kuonyesha ziwa lilikuwa na nani kabla ya trauti na nani alitoweka baada yao. Hakuna sababu ya Rutundu, Alice na Ellis kutofanyiwa hivyo. Sentimita chache za juu za tope zinatosha kwa karne moja iliyopita, na wataalamu wa kuzisoma wapo.

Kipimo cha pili ni rahisi zaidi. Mwaka 1865 padri Mwitaliano aliyekuwa pia mwanaastronomia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kuandika kina ilipopotea machoni. Leo hii bado ndiyo njia ya haraka ya kujua uwazi wa maji. Sahani ya kipenyo cha sentimita 20, kamba yenye alama, na mtu mwenye macho mazuri. Kila kikundi cha wavuvi kinachopanda Rutundu kingeweza kuipima na kuiandika katika kitabu cha wageni, pembeni ya idadi ya samaki. Miaka kumi ya tarakimu hizo ingetufundisha zaidi ya hadithi zote za samaki aliyekata mshipi.

Sasa niwatendee haki wavuvi. Mara nyingi mtu wa mshipi ndiye wa kwanza kuona mto umepungua, mti umekatwa au mfereji umechimbwa mahali pasipofaa. Ada zao huingia kwenye hifadhi. Vijana wanaobeba mizigo na kuongoza wageni hupata riziki, na si wengi wenye shughuli nyingine mita 3,000 juu. Kuna watu wa uhifadhi ambao wangefurahi trauti wote wang'olewe kesho, kwa hoja kwamba mlima huu ni Hifadhi ya Taifa tangu 1949 na Urithi wa Dunia tangu 1997, na mgeni hana nafasi. Hoja ina nguvu kwenye karatasi. Ila katika mito, ambako trauti wanazaana wenyewe na wameenea, kazi hiyo haiwezekani bila sumu, na sumu katika vyanzo vya maji ya mamilioni ya watu siitaki hata kuisikia.

Maziwa ni habari nyingine, kwa sababu ya tabia moja ya trauti. Hatagi kwenye maji yaliyosimama. Anahitaji kijito chenye changarawe safi na maji yanayopita kati ya mawe ili mayai yapate hewa. Ziwa lisilo na kijito cha namna hiyo hutegemea ndoo. Likiachwa bila kupandikizwa, samaki huzeeka, hupungua na kwisha bila mtu kutega wavu. Ziwa lenye kijito kizuri litaendelea kuwa na trauti hata Kiganjo ikifungwa. Kwa hiyo kabla ya kubishana, mtu apande akaangalie vijito. Katika kila ziwa, jambo hilo moja linaamua kama kurudisha hali ya zamani ni gharama ya miaka mingi au ni uamuzi tu wa kutopeleka vifaranga.

Msimamo wangu ni huu. Rutundu ibaki ziwa la trauti. Ina historia, ina nyumba, ina wateja, na kilichoharibika humo kimeshaharibika zamani. Lakini ipandikizwe kwa kiasi kinachotokana na kipimo cha chakula na oksijeni, si kwa malalamiko ya mgeni aliyekosa samaki wikendi moja. Na kama lazima wapelekwe, wapelekwe samaki tasa, ambao mbinu ya kuwatengeneza kwa kuyashtua mayai kwa joto au kwa mgandamizo inajulikana kwa miongo sasa. Hao hawawezi kushuka mtoni wakaanzisha ukoo. Ziwa moja au mawili kati ya yaliyo na trauti leo na yasiyo na kijito cha kuzalia yaachwe yapumzike, na yafuatiliwe. Maziwa na vidimbwi vya juu ambavyo havijawahi kutiwa samaki vifungwe kwa maandishi, milele, hata akija mwekezaji mwenye fedha na ahadi. Na kila anayetoka na buti na nyavu kwenye maji mengine azisafishe na kuzikausha kabla ya kuzichovya Meru, kwa sababu kuvu na vimelea husafiri kwenye unyevu wa kitambaa.

Taasisi za kuyafanya haya zipo. Shirika la Wanyamapori, KWS, ndilo linaloisimamia hifadhi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina wataalamu wa samaki wa maji baridi Sagana, mwendo mfupi kutoka Kiganjo. Makumbusho ya Taifa yana idara inayowajua vyura wa nchi hii kwa majina. Vyuo vikuu vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti na wasio na pa kuzipata. Haihitajiki fedha ya wafadhili kuwakutanisha watu wanne katika meza moja Nanyuki.

Ombi langu kwao ni dogo. Watoe hadharani, kwa kila ziwa la Mlima Kenya lenye trauti, mambo matatu: vifaranga wangapi walitiwa na lini, oksijeni na uwazi wa maji vimepimwaje katika majira yote ya mwaka, na ni viumbe gani wengine wanaoishi humo. Mpaka tarakimu hizo zitakapobandikwa kwenye lango la hifadhi, ambapo mvuvi na mtoto wa shule wanaweza kuzisoma, ndoo nyingine ya vifaranga isipande mlima.